Nafsi ya Kwanza

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayejifunza kuandika Kiingereza hukutana mapema na kanuni moja ambayo haimo katika sarufi: usianze kila sentensi kwa "I". Walimu wa insha huirudia, vitabu vinavyofundisha barua za kuomba kazi huirudia, na mtu aliyekwisha kuajiriwa huendelea kuitii kila anapoandika barua pepe ya kikazi. Hutolewa kama shauri la masikio tu, kwamba neno moja likigongwa mno linachosha. Lakini chini ya shauri hilo kuna hukumu ya kimaadili. Barua iliyojaa "I" huambiwa ina majivuno. Mwandishi wake anajiona, anajitanguliza. Naye anayehangaika kuliondoa neno hilo hujihisi kwamba, pamoja na kuunyoosha mtindo wake, ameishusha nafsi yake kidogo. Hilo la pili ndilo ninalotaka kulipima. Je, kupunguza nafsi ya kwanza katika maandishi ni kuipunguza nafsi? Jibu langu ni hapana. Tena nadhani kosa hili la kimaadili ndilo linalozaa kile Kiingereza kizito cha maofisini ambacho hakuna mtu anayekisema nyumbani kwake.

Kiswahili kinatusaidia kuliona swali hili, na papo hapo kinatutega, kwa kuwa neno "nafsi" linafanya kazi mbili. Wanasarufi wanasema nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mashehe na mapadri wanasema nafsi wakikusudia kile kiini cha mtu kitakachoulizwa siku ya mwisho. Kwa kuwa neno ni moja, tunashawishika kuamini kwamba na vitu ni kimoja. Kumbe nafsi ya sarufi ni nafasi tu katika sentensi, na Kiingereza kina ukali wa pekee juu ya nafasi hiyo: kiti cha kiima lazima kikaliwe, hata kama hakuna mtu. Sisi tunasema mvua inanyesha, mvua yenyewe ikiwa ndiyo mtendaji. Mwingereza husema "it is raining", na ukimuuliza hiyo "it" ni nini hana cha kukuonyesha. Georg Lichtenberg, mwanafizikia Mjerumani wa karne ya 18, aliwahi kuandika katika madaftari yake kwamba labda ingefaa kusema "inafikiri" kama tunavyosema "kunapiga radi", badala ya kuharakisha kusema kwamba kuna "mimi" anayefikiri. Shaka hiyo ilimlenga mwanafalsafa Descartes, ambaye mwaka 1637 alikuwa amejenga uhakika wake wote juu ya nafsi inayofikiri. Sitaki kuamua kati yao. Natosheka na onyo lililomo: kiima kinaweza kudaiwa na sarufi peke yake, na kuwapo kwake hakuthibitishi kitu juu ya anayesema, si ukubwa wake wala udogo wake.

Onyo hilo linatuhusu zaidi sisi tunaokiendea Kiingereza tukitoka katika Kiswahili. Kitenzi chetu kimembeba mtendaji tumboni mwake. Ukisema "nimefika", ile ni- imekwisha kujibu swali la nani. "Mimi" huja pale tu unapotaka kujitenga na wengine: mimi nimefika, wenzangu je? Kwa hiyo masikio yetu yamezoea kulisikia "mimi" kama neno lenye nguvu, linalosimama mbele ya watu. Kisha kamusi ikatufundisha kwamba "I" ni "mimi". Anayeandika aya yenye "I" saba husikia moyoni "mimi" saba, na aibu inamshika. Lakini "I" ya kawaida haitiwi mkazo. Hutamkwa haraka na kushikana na kitenzi kinachoifuata, hata ikaandikwa imeganda nacho: "I'm", "I'll", "I've". Kwa kazi yake hiyo ni ile ni- yetu. Mwingereza anayetaka kusema "mimi" kwa nguvu zake zote hupaza sauti juu ya "I" hiyohiyo, au hutafuta muundo mwingine kabisa. Hata ile herufi kubwa, ambayo wengi huitaja kama ushahidi wa kiburi cha Waingereza, ina asili ya kawaida sana. Neno lenyewe zamani lilikuwa "ic". Liliposinyaa likabaki herufi moja, waandishi wa hati za mkono wakairefusha isije ikapotea katikati ya maneno. Waliyafikiria macho ya msomaji, basi.

Ukishaliona hilo, nusu ya tatizo la mtindo inaondoka bila mapambano. Chukua masimulizi mepesi: nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani. Vitenzi vitatu, viambishi vya nafsi vitatu, na hakuna msikilizaji atakayesema msimulizi huyu anajisifu, kwa sababu ile -ka- inavifunga vitenzi katika mwendo mmoja na sikio linafuata safari. Anayehamisha sentensi hiyo kipande kwa kipande hupata "I went to the market. I bought fish. I came home." Inasikika kama mtoto anayesomewa imla. Dawa yake si kuiua "I". Kiingereza nacho kina namna yake ya kufunga mwendo, nayo ni kuitaja nafsi mara moja na kuning'iniza vitenzi vyote juu yake: "I went to the market, bought fish and came home." Nafsi imebaki palepale, wazi, mara moja, na macho ya msomaji yamekwenda sokoni. Kilichokuwa kibaya katika sentensi zile tatu ni kukatika kwa safari, na kila kukatika kulimrudisha msomaji mlangoni kwa mwandishi.

Hukumu ya kimaadili juu ya "I" ilianza mbali na masikio. Mwezi Julai 1714 Joseph Addison aliandika katika gazeti la Spectator la London, toleo la 562, kuhusu watu wasiochoka kujitaja. Anaeleza kwamba wanazuoni wa Port-Royal, wacha Mungu waliojikusanya kwenye monasteri nje ya Paris, waliifukuza nafsi ya kwanza kutoka katika vitabu vyao kwa kuiona ni tunda la majivuno, na kwamba wao ndio walioipachika tabia hiyo jina ambalo Kiingereza kimelipokea kama "egotism". Shauri la mwalimu wetu wa insha lina babu yake, basi, na babu huyo alikuwa mcha Mungu. Kitabu cha mantiki cha hao wa Port-Royal, kilichotungwa na Antoine Arnauld na Pierre Nicole na kutoka mara ya kwanza mwaka 1662, kinamtaja mwanahisabati na mwanafalsafa Blaise Pascal kama aliyeishika kanuni hiyo kwa ukamilifu: alishikilia kwamba mtu muungwana ajiepushe kujitaja jina, na hata kutumia maneno yenye maana ya "mimi". Uchaji wa Mkristo, alisema, huiangamiza nafsi. Adabu za watu huificha tu.

Tofauti hiyo aliyoiweka Pascal kati ya kuangamiza na kuficha ni ya maana kuliko kanuni yenyewe, na wanaoirudia kanuni wameisahau. Tazama Addison alivyonaswa. Mfano mbaya kuliko yote aliokutana nao, anasema, ni ule wa Kadinali Wolsey, waziri mkuu wa mfalme Henry VIII, aliyeandika kwa Kilatini maneno yenye maana ya "mimi na mfalme wangu". Lakini Kilatini kinadai hivyo: nafsi ya kwanza hutangulia, ya pili hufuata, ya tatu huja mwisho. Katika Kiingereza adabu inageuza mpangilio, mfalme kwanza. Wolsey huenda alikuwa na kiburi cha kutosha nchi nzima. Maneno hayo, hata hivyo, hayakithibitishi, yanathibitisha tu kwamba alikijua Kilatini. Hapo hukumu ya kimaadili imepita juu ya sarufi na kumkosa mtu.

Na tazama Pascal mwenyewe. Alipokufa mwaka 1662, ndani ya kitambaa cha koti lake ilikutwa karatasi iliyoshonewa humo, yenye tarehe ya usiku wa 23 Novemba 1654, usiku ambao maisha yake yaligeuka. Karatasi hiyo aliibeba mwilini miaka karibu minane bila kumwonyesha mtu. Sehemu kubwa yake haina hata vitenzi. Ni majina na vilio vya furaha. Lakini inapofika mahali pa kukiri kwamba alijitenga na Kristo, kwamba alimkimbia na kumkana, nafsi ya kwanza inatokea. Mtu yule aliyefundisha kwamba muungwana asiseme "mimi" hakupata njia nyingine ya kuungama, wala hakuitafuta. Kwa watu alijinyamazia, kwa Mungu akajitaja. Sioni kwamba alijipinga. Naona alijua kwamba kuna mahali ambapo kuiondoa nafsi katika sentensi ni sawa na kuondoka kizimbani.

Kabla sijaenda huko, nitaje ushahidi wa waliohesabu. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker, ambaye mwaka 2011 alitoa kitabu kizima juu ya siri za viwakilishi, aligundua pamoja na wenzake jambo linaloipindua dhana ya kawaida: watu wawili wa vyeo tofauti wakiandikiana, mara nyingi ni yule wa chini anayetumia "I" zaidi. Mkubwa anaangalia kazi na kuagiza; mdogo anajiangalia, anaomba, anajieleza, anaogopa kukosea. Mwaka 2015 kundi la watafiti, naye akiwamo, walichapisha kazi iliyojumuisha washiriki zaidi ya 4,800 wa Marekani na Ujerumani, wakauliza swali moja kwa moja: je, wenye tabia ya kujipenda kupita kiasi hujitaja zaidi? Hawakupata uhusiano wa maana. Matokeo hayo hayasemi kwamba hakuna wenye majivuno. Yanasema kwamba majivuno hayakai mahali tunapoyatafuta kwa kuhesabu. Yule kijana anayeona haya kwa "I" zake saba katika barua ya kuomba kazi, kwa uwezekano mkubwa, ni mtu aliyesimama mlangoni na kofia mkononi.

Majivuno yanakaa wapi, basi? Katika Sura ya Al-A'raf ya Qur'ani kuna tukio ambalo nadhani linajibu swali hili kuliko kitabu chochote cha mtindo. Iblisi anaulizwa kwa nini hakusujudu. Anajibu kwa nafsi ya kwanza: yeye ni bora kuliko Adamu, kwa kuwa yeye ni wa moto na yule ni wa udongo. Aya chache baadaye, anapozungumzia upotevu wake, mtendaji amebadilika: ni Mungu ndiye aliyempoteza. Ubora ni wangu, upotevu ni wako. Kisha Adamu na Hawa wanakosea, nao wanapoulizwa wanajibu kwa nafsi hiyohiyo ya kwanza, kwa wingi: wamezidhulumu nafsi zao wenyewe. Hawamtaji aliyewadanganya, ingawa alikuwapo na aliwadanganya kweli. Pande zote mbili zinasema kwa nafsi ya kwanza. Ukihesabu viwakilishi hutampata Iblisi. Utampata ukitazama kila kiwakilishi kimefungwa kwenye kitenzi gani, na kitenzi gani kimeachwa bila mwenyewe.

Kwa kipimo hicho soma Kiingereza cha viongozi. Januari 1987 rais Ronald Reagan alilihutubia Bunge la Marekani wakati kashfa ya kuiuzia Iran silaha ikiwaka. Alisema kwa "I" kwamba alithubutu, na kwamba anaibeba dhamana ya hatari hiyo iliyoshindikana. Sentensi chache mbele ilifika zamu ya makosa yenyewe, na hapo mtendaji akatoweka: makosa makubwa yalifanyika. Nani aliyafanya, sentensi haikusema, wala haikudaiwa na sarufi kusema. Kauli ya kutendwa ina ruhusa hiyo. Miaka zaidi ya 100 kabla yake, Desemba 1876, rais Ulysses Grant alikuwa ametumia muundo huohuo, ila aliongeza maneno machache, kwamba makosa hayo kila mtu anayaona na yeye anayakubali. "I" moja imerudi, na mtu wa kuulizwa amerudi nayo, ijapokuwa Grant naye aliharakisha kuelekeza kidole kwenye wasaidizi waliochaguliwa. Sisi hatuna haja ya kuwacheka. Kiswahili kina mlango wa siri uliopakwa mafuta vizuri zaidi kuliko kauli ya kutendwa. Mtoto aliyeangusha kikombe husema kikombe kimevunjika. Hakusema kimevunjwa, maana hapo mama angeuliza na nani. Kimevunjika: chenyewe, kwa hiari yake. Na katika Misa ya Kiswahili, waumini wanapoungama kwa kupiga kifua, sala haikutosheka na ni- iliyomo ndani ya kitenzi. Imeongeza "mimi" baada yake. Neno lile lenye nguvu, ambalo adabu hutuzuia kulitumia tunapojisifu, limewekwa pale pa lawama, na hakuna padri wala mwalimu wa lugha aliyewahi kulisahihisha kuwa ni majivuno.

Kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza inatoka kwa wanasayansi na watu wa ripoti: maandishi ya ukweli yanapaswa kumwondoa mwandishi, kwa sababu maji huchemka yenyewe, awe ameyatazama huyu au yule. Hoja hii ina heshima yake, na kuna sehemu za ripoti ambamo kauli ya kutendwa ndiyo inayofaa, kwa kuwa kilichotendewa ndicho kinachotuhusu. Lakini haikujengwa na wale waliojenga sayansi. Isaac Newton, katika barua yake juu ya mwanga na rangi iliyochapishwa na Royal Society mwaka 1672, anasimulia kwa nafsi ya kwanza jinsi alivyopata mche wa kioo, akakitia chumba giza, akatoboa tundu dirishani. Darwin anaanza kitabu chake cha 1859 kwa kujitaja akiwa melini. Makala fupi ya Watson na Crick ya 1953 juu ya muundo wa DNA ina "we" kama neno lake la kwanza. Walijitaja ili msomaji ajue mahali pa kusimama akitaka kurudia jaribio na kuwakosoa. Kumtaja aliyetazama ni sehemu ya ukweli wa kilichotazamwa. Na shirika la wanasaikolojia wa Marekani, ambalo mwongozo wake wa uandishi unafuatwa na vyuo vingi duniani, sasa linawashauri watafiti waseme "I" au "we" pale walipotenda wao.

Ya pili ni ya wacha Mungu, nayo ni ya ndani zaidi. Dini nyingi zinafundisha kwamba nafsi ni pazia, na kwamba safari yote ni ya kuiondoa. Vipi basi mtu wa dini atetee nafsi ya kwanza? Njia ya kulijibu hili imepitiwa na masufi wenyewe. Mansur al-Hallaj aliuawa Baghdad mwaka 922, na maneno anayokumbukwa nayo ni ya nafsi ya kwanza iliyo kubwa kupita zote: kwamba yeye ni Haki, yaani Mungu. Wengi wakasema hakuna majivuno yaliyovuka hayo. Jalaluddin Rumi, aliyefariki mwaka 1273, aliitazama kesi hiyo upande wa pili. Anayesema "mimi ni mtumwa wa Mungu", alieleza katika mazungumzo yake, ndiye anayedai kikubwa, kwa kuwa amethibitisha viumbe viwili, yeye na Mungu. Hallaj alikuwa amejifuta, na kilichobaki kusema hakikuwa yeye. Mtu anaweza kuikataa theolojia hiyo, na maulamaa wengi wameikataa. Lakini pande zote za ubishi zinakubaliana juu ya jambo ninalolihitaji: kwamba neno "mimi" mdomoni halitoshi kutuambia kama nafsi imekwisha au imefura. Kujifuta, kama kupo, hutokea mahali ambapo kalamu ya mwalimu ya wino mwekundu haifiki.

Kujifuta huko hutokea wapi? Iris Murdoch, mwanafalsafa aliyefundisha Oxford na mwandishi wa riwaya, alilitolea jambo hilo mfano mdogo katika kitabu chake cha 1970 juu ya wema. Mtu yuko dirishani, amekunja moyo, anatafuna kinyongo juu ya heshima yake iliyoguswa. Ghafla anamwona kipanga akielea hewani. Kwa dakika hiyo kila kitu kinabadilika. Ile nafsi yenye kidonda haipo tena, kuna kipanga tu, na anaporudi kwenye kinyongo chake anakikuta kimepungua uzito. Jina alilolipa jambo hilo lina maana ya kuvuliwa nafsi. Na kinachonigusa mimi kama msomaji wa lugha ni kwamba mfano huo Murdoch ameusimulia kwa nafsi ya kwanza. "I" ipo mwanzoni, inatazama dirishani. Hakuiondoa kwa kauli ya kutendwa, hakusema kipanga alionekana. Aliitaja, akaiacha itazame, na ndege akachukua nafasi yote kwa haki yake.

Hapo pana mtindo na maadili kwa pamoja, na ndipo ninapotaka kuipeleka ile barua ya kuomba kazi. Tuseme mwombaji ameandika kwamba yeye ni mchapakazi, ana mawasiliano mazuri, anajiamini, anaona anafaa. Kwa Kiingereza kila sentensi inaanza kwa "I", naye anajua kanuni, kwa hiyo anazigeuza: mawasiliano mazuri yamejengwa, uzoefu umepatikana. "I" zimekwisha na barua imekuwa mbaya maradufu, maana mwanzo ilimtazama yeye, na sasa inamtazama yeye kwa kujificha nyuma ya mlango. Aigeuze badala yake kule anakotazama. Kwa miaka mitatu aliandika vitabu vya hesabu vya duka la vipuri. Duka lilikuwa na bidhaa ndogondogo zisizohesabika, na kila Ijumaa jioni mzigo ulioko kwenye rafu ulipaswa kulingana na daftari. Mwenye duka alikuwa na deni asilolijua kwa muuzaji wa jumla. Daftari ndilo lililolifichua. Sentensi moja ina "I", nyingine zinaanza kwa duka, kwa mzigo, kwa mwenye duka. Hakuna aliyehesabu viwakilishi. Vimejipunguza vyenyewe kwa sababu dunia imeingia ndani ya barua, na kwa Kiingereza barua ya namna hiyo ndiyo inayosikika kama mtu anayezungumza.

Makimbilio mengine ya wanaoviogopa viwakilishi niyataje kwa ufupi. Yapo kwenye magazeti zaidi: kwa kuchelea kurudia "he", mwandishi humwita mtu mmoja kwa jina lake, kisha mwanasiasa huyo mkongwe, kisha baba huyo wa watoto watano, kisha mzaliwa huyo wa kaskazini. Ndugu wawili wa Kiingereza, H. W. na F. G. Fowler, waliikosoa tabia hiyo tangu mwaka 1906. Walikuwa na haki hata zaidi ya walivyosema, kwani kila jina jipya ni hukumu mpya juu ya mtu. Ubaba wake unahusika vipi na kura aliyopiga? Kiwakilishi kinasema tu kwamba ni yuleyule, nacho ni kiaminifu kwa sababu hakiongezi kitu. Sisi a- yetu inatosha kwa mume na mke, wala hatulazimiki kuuliza jinsia ya mtu kabla ya kusema amefika. Kiingereza kimehangaika zaidi: mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yawahesabu na wanawake, huku watu wa kawaida wakitumia "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14. Anayeandika "they" leo hajaiharibu lugha.

Nimalizie kwa karatasi ya kawaida kabisa. Tuseme ofisa wa maji wa wilaya anaandika ripoti ya Kiingereza kwa wafadhili juu ya pampu ya mkono ya kijiji fulani. Kwa mazoea atasema iligundulika kwamba pampu haifanyi kazi, na ilipendekezwa ukarabati ufanyike. Aliyegundua hayupo, siku haipo, na pampu yenyewe haionekani. Akiacha hofu ataandika kwamba alifika kisimani Jumanne asubuhi, akaukuta mpini umekatika karibu na bawaba. Kina mama walikuwa wameufunga kwa mpira wa baiskeli, na waliuvuta wawili wawili, mmoja akiuzuia usichomoke. Foleni ya ndoo ilifika barabarani. Mpaka hapa "I" imetumika mara moja, na hakuna aliyeihisi. Imebaki sentensi moja, ile ambayo kauli ya kutendwa ilibuniwa kana kwamba kwa ajili yake. Katika ziara iliyotangulia ofisa huyu aliwaahidi kina mama hao kipuri. Kipuri kilikuwapo stoo. Sentensi hiyo kwa Kiingereza ina maneno matano: "I did not send it."